Imerudi Tatu kwa Mia

Chini ya ardhi, Tartu, mwezi wa Februari,
meza ya chuma inaelea juu ya hewa
ili lori la kukwangua theluji lisitikise hesabu.
Taavet amezima kila kitu isipokuwa taa nyekundu.
Tunabana pumzi kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti.

Polima niliimwaga juzi juu ya kioo,
ikalala, ikakauka: mikroni hamsini,
unene wa unywele.
Sasa miale miwili ya kijani inakutana ndani yake.
Inapokubaliana, panaganda;
inapokanushana, panabaki laini.
Mistari elfu moja na ushei katika milimita moja,
na hakuna jicho litakaloihesabu.

Kisha inarudi.

Mama yangu, Hilja, fundi cherehani wa mtaa wa Njegere
(ndiyo, Njegere; kitongoji chetu ni Mji wa Supu,
mitaa yake ina majina ya vitu vya kutia chunguni),
aliloweka sufu kabla ya kuigusa kwa mkasi.
"Kila kitambaa hurudi," alisema.
"Afadhali kirudi mkononi mwangu
kuliko mgongoni mwa mteja."
Nikiwa mtoto nililishangaa neno hilo:
kinarudi, na hakiji nyumbani.
Kinarudi ndani yake chenyewe.

Hata humu ndani ya kioo ni hivyo hivyo.
Molekuli zikishikana mikono husogeleana,
zikisogeleana, nafasi kati yao haipo tena.
"Ndiyo bei ya kukumbuka," anasema Taavet,
halafu anaona haya, anafuta miwani.

Utapimaje?
Usiiulize mistari iliyosimama wima.
Ishindilie kutoka juu: bado imesimama,
pembe ni ileile,
nayo itakuapia kwamba hakuna kilichopungua.
Ichore ikiwa imeinama.
Iliyoinama, dari likishuka, huinama zaidi,
na mwanga hutokea pembeni kidogo
ya pale ulipouacha.

Tunakizungusha kioo, sehemu ya mia ya digrii kwa mara moja.
Namba inapanda, inasita, inapanda,
inaanguka.
Rudi nyuma. Hapo.
Sufuri nukta nane tano.
Naandika: imerudi tatu nukta moja kwa mia,
mikroni moja na nusu, imekwenda.
"Vibaya?"
"Si vibaya. Kesho tuchanganye vumbi la zeolaiti."

Jumamosi nilimpeleka mama kliniki.
Muuguzi akamsimamisha ukutani,
naye akasimama, jamani, kama askari wa gwaride,
kidevu juu, akikusanya kila pingili ya uti wake.
Mia moja sitini na moja. Kama mwaka jana.
Wakaandika.
Ukumbini kifungo kikachomoka kwenye koti lake.
Akainama kukiokota,
akaenda chini mbali kuliko kifungo kilipokuwa,
pindo la koti likalala kwenye maji ya theluji,
akachelewa kuinuka.

"Usinitazame kama kioo chako," akasema.

Jioni alipanda juu ya kigoda jikoni
amevaa koti lilelile, alilolishona mwenyewe
mwaka niliomaliza shule.
Mimi magotini, pini mdomoni.
"Vidole viwili," akasema.
Nikapima vitatu, nikanyamaza.
"Nikate?"
"Usikate! Kunja tu.
Pindo la kukunja mtu anaweza kulishusha."

Pini moja ikaponyoka, ikabingirikia chini ya jiko.
Akashuka, hakungoja mkono wangu.
Tukaitafuta sakafuni kwa kiganja,
taa iko nyuma yetu,
sote wawili tumeinama,
na hakuna aliyekuwa akipima.